Sensa za kuegesha kwenye Nissan Leaf: soma mlio kabla hujanunua sensa mpya

Mwenye Leaf anayefika gereji kwa shida ya sensa za kuegesha, vile vidude vya bampani vinavyofanya gari lilie ukikaribia kitu, mara nyingi anakuja ameshaamua: sensa imekufa, atafutiwe nyingine. Tusiharakishe. Sensa yenyewe haifi kirahisi. Kinachoharibika mapema ni vitu vinavyoizunguka: plagi iliyoingia maji, raba iliyokaa upande, rangi iliyopigwa mara mbili tatu juu ya uso wake, au betri ndogo ya volti 12 iliyochoka. Ukibadilisha sensa kabla ya kujua tatizo liko wapi, utalipia spea na mlio utabaki palepale.

Naitumia Leaf kama mfano kwa sababu ni miongoni mwa magari ya umeme ya mtumba yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, lakini sehemu kubwa ya maelezo haya inafaa kwa gari lolote lenye sensa kwenye bampa.

Kwanza, je, gari lako lina sensa?

Chuchumaa nyuma ya gari uangalie bampa. Sensa ni vidude vya duara, upana wa sarafu, vimepangwa kwa mstari, kwa kawaida vinne. Gari lenye sensa za mbele huwa na vingine kwenye bampa la mbele. Leaf ya kizazi cha kwanza ilianza kuuzwa Desemba 2010, na nyingi kati ya hizo zina kamera ya nyuma tu, bampa halina kitu. Kizazi cha pili, kilichotoka Japani Oktoba 2017, ndicho ambacho mara nyingi utakikuta na sensa mbele na nyuma, kutegemea toleo. Kamera kuonyesha picha hakumaanishi kwamba sensa zipo. Ni mifumo miwili. Kwa Tesla mambo yamekwenda mbali zaidi: kuanzia Oktoba 2022 kampuni hiyo ilianza kuziondoa sensa hizi za bampani, zinazopima kwa sauti, kwenye Model 3 na Model Y na kuziachia kamera kazi hiyo. Kwenye gari la namna hiyo shida ya kuegesha hutafutwa kwenye kamera na programu, si kwenye bampa.

Kingine kinachochanganya ni mlio wa rivasi. Leaf ikirudi nyuma hutoa sauti nje ili kuwaonya wapita njia, kwa kuwa mota ya umeme haingurumi. Sauti hiyo haina uhusiano na sensa. Haiongezi kasi ukikaribia ukuta wala haibadiliki ukiwa uwanjani peke yako. Mlio wa sensa husikika ndani ya gari, na kasi yake hufuata umbali. Ukisikia mlio mmoja usiobadilika kila ukiweka rivasi, tambua kwanza unatoka wapi.

Kinachotokea kwenye bampa

Nyuma ya uso wa sensa kuna kisahani kinachotetemeshwa kwa umeme. Kinatoa sauti ya kuanzia kilohezi 40 hivi, juu sana ya uwezo wa sikio la binadamu, kisha kinatulia na kusubiri mwangwi. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita moja na nusu hurudisha mwangwi baada ya takriban sehemu 9 za elfu moja za sekunde. Kompyuta ndogo ya mfumo hupima muda huo na kuugeuza kuwa umbali.

Shika jambo moja hapo, kwa sababu linaeleza hitilafu nyingi. Kisahani kinachotoa sauti ndicho hicho hicho kinachosikiliza. Kikishapiga huendelea kutetemeka kidogo kama ngozi ya ngoma, na mpaka kitulie hakiwezi kusikia kitu. Ndiyo maana kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 au 30 hakipimwi tena, gari linatoa mlio mfululizo tu. Na ndiyo maana tope, tone la maji au rangi nzito huvuruga kazi: vinabadilisha jinsi kisahani kinavyotetemeka na kutulia, na kompyuta inadhani kuna kitu kimesimama mbele yake.

Kabla ya kugusa chochote

Sensa, waya zake na kompyuta yake vinatumia umeme wa volti 12. Kebo nene za rangi ya machungwa ni za betri kubwa na zinabeba mamia ya volti. Hakuna hatua yoyote hapa inayodai uziguse, uzifungue au uzisogeze.

Hatari iliyo karibu zaidi na wewe ni nyingine. Ili sensa za nyuma ziamke, gari lazima liwe limewaka kabisa, READY ionekane kwenye deshibodi, na gia iwe rivasi. Gari la petroli lingekuwa linanguruma na kila mtu angejihadhari. Leaf iko kimya, na fundi aliyechuchumaa nyuma ya bampa husahau kwamba liko tayari kumjia. Funga breki ya maegesho, weka kabari au mawe mazito nyuma ya magurudumu, na mtu mzima akae kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye breki, muda wote wa kupima. Asishike simu. Ukitaka kuchomoa plagi au kufungua bampa, zima gari kwanza.

Dalili: kimya kabisa, hakuna sensa inayolia

Sensa zote zikinyamaza kwa pamoja, usizilaumu. Ni nadra vidude vinne kufa siku moja. Tafuta kitu vinavyokichangia.

Anza na swichi. Magari mengi yana kitufe chenye herufi P na mawimbi pembeni, na kinaweza kubonyezwa na mtoto, na mwosha gari, au na aliyekuuzia gari kwa sababu alichoshwa na kelele. Kwenye Leaf ya soko la Japani mpangilio unaweza kuwa ndani ya menyu ya deshibodi, na menyu yote ni ya Kijapani. Huhitaji kujua Kijapani. Tafuta neno linaloandikwa ソナー, ndilo jina la sensa hizi, ulinganishe herufi moja moja na zilizo kwenye skrini, kisha angalia kama alama pembeni yake imewekwa au imeondolewa. Piga picha skrini kabla ya kubadilisha chochote ili uweze kurudi ulikotoka.

Kama swichi iko sawa, nenda kwenye betri ndogo. Hapa ndipo gari la umeme linapowachanganya hata mafundi wazoefu. Betri kubwa inaweza kuwa na asilimia 80, gari likaenda vizuri, lakini kompyuta zote ndogo zinalishwa na betri ya volti 12 iliyo chini ya boneti. Ikiwa dhaifu, kompyuta hizo huamka na volti pungufu, na zile zisizo za lazima kwa mwendo, sensa zikiwemo, ndizo huanza kulalamika. Betri hii huchajiwa na betri kubwa gari likiwa READY, au linapochajiwa. Likiwa limewashwa nusu, redio ikilia na READY haipo, betri ndogo inatoa tu. Ongeza hapo wiki nyingi melini na yadi, na utaelewa kwa nini betri nyingi za magari ya mtumba hufika zimechoka.

Pima kwa multimita, yaani kipimo cha umeme. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzuri husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imeshuka nusu, na chini ya 12 imeisha. Washa gari mpaka READY upime tena: namba inapaswa kupanda juu ya 13. Isipopanda, tatizo ni kubwa kuliko sensa, mwone fundi wa magari ya umeme. Dalili nyingine ya betri ndogo ni taa nyingi kuwaka kwa mpigo: ABS, usukani, alama ya mfumo wa umeme, zote pamoja na onyo la sensa. Ukiona hivyo achana na bampa kabisa, shughulika na betri. Baada ya kuifunga mpya, baadhi ya magari huhitaji kuendeshwa kidogo na usukani kuzungushwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kabla maonyo hayajafutika.

Betri nzima na bado kimya? Fyuzi, kisha plagi kuu inayounganisha waya za bampa na waya za bodi. Kama bampa limewahi kufunguliwa, plagi hiyo huenda haikurudishwa. Fundi bodi anapofunga bampa kwa haraka, klipu zote hukaa na waya moja husahaulika nyuma.

Dalili: linalia mfululizo na nyuma hakuna kitu

Hii ndiyo inayowatesa watu zaidi, na ndiyo ambayo ukiwa na subira utaimaliza mwenyewe.

Safisha. Maji ya sabuni, kitambaa laini, zungusha mpaka kwenye ukingo wa kila sensa, kisha kausha. Udongo mwekundu uliokauka kwenye kijifereji cha duara kati ya sensa na bampa hauonekani kwa mbali, ila unaibana sensa isitetemeke vizuri. Kijiti cha meno kinautoa bila kukwaruza. Mashine ya presha isisogezwe karibu na uso wa sensa. Maji ya nguvu hupita pembeni ya raba na kuishia kwenye plagi, na hitilafu huja wiki kadhaa baadaye wakati umeshasahau kuosha kulikoanzisha.

Halafu tazama kilichofungwa kwenye gari. Fremu ya namba iliyo pana au iliyopinda nje, ndoano ya kuvutia trela, bomba la kukinga bampa, kamba ya turubai inayoning'inia: sensa inaviona vyote na kuvitolea taarifa kwa uaminifu. Viondoe kimoja kimoja huku ukisikiliza. Angalia pia kama bampa limelegea upande mmoja. Likishuka kidogo tu, sensa inaelekea chini na kuanza kuona barabara, hasa ya changarawe.

Ikiendelea kulia, tafuta ni sensa ipi. Skrini nyingi huonyesha upande kwa rangi. Isipoonyesha, tumia mkono na sikio: gari likiwa READY, rivasi, na mtu wako kwenye breki, gusa kila sensa kwa ncha ya kidole. Iliyo hai huhisika ikidunda, na ukisogeza sikio karibu, mahali pasipo kelele, utasikia tik-tik-tik nyembamba. Linganisha zote. Isiyodunda, au inayodunda tofauti na wenzake, ndiyo ya kushughulika nayo. Zote zikidunda sawa, rudi kwenye vitu vilivyofungwa nje na kwenye mkao wa bampa.

Usisahau raba. Kila sensa imekaa ndani ya pete ya raba au silikoni inayoitenganisha na plastiki ya bampa. Pete ikipasuka, ikikosekana, au sensa ikiwa imebandikwa kwa gundi, mtetemo hupita kwenye bampa na kurudi kwenye sensa kama mwangwi wa uongo. Sensa iliyobandikwa kwa gundi ngumu haitakaa sawa hata ikiwa mpya.

Dalili: jua likiwaka iko sawa, mvua ikinyesha inachanganyikiwa

Kama inachanganyikiwa wakati matone yamo usoni mwake na kutulia ukiyafuta, hiyo ni tabia ya kawaida ya sensa za sauti. Kama inaendelea siku nzima baada ya mvua, au inaanza asubuhi yenye unyevu na kupona mchana, maji yamo kwenye plagi.

Zima gari, chomoa plagi ya sensa hiyo, uziangalie pini kwa tochi. Ukiona ukungu wa kijani au weupe kama chumvi, umepata. Ukanda wa pwani huleta hali hii mapema kwa sababu hewa ina chumvi. Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, sugua taratibu kwa brashi laini, acha ikauke kabisa, kisha paka grisi ya umeme kidogo kabla ya kurudisha. Pini ikiwa imeliwa mpaka imekuwa nyembamba, badilisha plagi. Waya ulioungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu nyuma ya bampa utarudisha shida msimu ujao wa mvua. Uungwe kwa risasi ya kuchomelea waya na kuvikwa mpira unaobana kwa joto.

Dalili: kona moja haisikii, au kunatoka mlio mrefu mmoja kila ukiweka rivasi

Mlio mrefu mmoja mara tu gia inapoingia, kisha kimya, kwenye magari mengi ni ujumbe wa mfumo kwamba umejipima na kukuta kasoro. Hapa kipimo kizuri hakina gharama. Gari likiwa limezimwa, badilishana sensa: ya kona iliyonyamaza iende kwenye tundu la jirani yenye umbo sawa, ya jirani ije hapa. Tatizo likihama pamoja na sensa, sensa ndiyo mbovu, nunua moja. Tatizo likibaki mahali pake, sensa ni nzima, tafuta kwenye waya au plagi. Angalia umbo kabla ya kubadilishana, kwa sababu kwenye baadhi ya mabampa za pembeni na za katikati hazifanani.

Kwenye waya, sensa nyingi zina pini tatu: umeme, eath (waya hasi unaoungwa kwenye bodi) na mawasiliano. Kwa multimita pima kati ya umeme na eath, gari likiwa READY na rivasi, tahadhari zile zile zikiwepo. Sensa nyingine hupewa volti 12 hivi, nyingine chini ya hapo, kwa hiyo linganisha na plagi ya jirani badala ya kung'ang'ania namba moja. Jirani ina umeme na hii haina? Waya umekatika kati ya hapo na kompyuta. Fuata njia yake, hasa sehemu unapopinda na sehemu panya wanapopapenda.

Ukinunua sensa ya mtumba, soma namba iliyochapwa mgongoni na ilingane na ya zamani. Kufanana kwa sura hakutoshi.

Shida iliyoanza baada ya bampa kupigwa rangi

Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu kazi nzuri ya rangi inaharibu sensa nzima. Fundi rangi akiacha sensa kwenye bampa, akapiga primer (rangi ya msingi), rangi na vanishi juu yake, uso unakuwa mzito. Sensa inabaki hai, inadunda, lakini haioni mbali, au inalia ovyo. Mbaya zaidi ni fila iliyojazwa kwenye ukingo wa tundu.

Kabla ya kazi, mwambie fundi atoe sensa zote na kuziwekea alama ilikotoka kila moja. Zipakwe pembeni, tabaka jembamba, raba ikiwa imetolewa. Kama zilishapakwa nene, kukwangua kwa kisu kunaweza kuharibu kisahani. Mara nyingi ni nafuu kununua nyingine. Sensa nyeusi kwenye bampa jeupe haipendezi, lakini inaona.

Gari linajifunga breki au linagoma kuondoka

Leaf nyingi za kizazi cha pili za soko la Japani zina msaada unaotumia sensa hizi kumzuia dereva aliyekanyaga mafuta kwa kukosea. Sensa ikiona kizuizi karibu, gari linapunguza nguvu ya mota na hata kushika breki. Kwa hiyo sensa chafu inayoona ukuta usiokuwepo haikusumbui masikio tu. Inaweza kulisimamisha gari ukitoka kwenye geti lenye nyasi ndefu. Likikutokea barabarani, zima msaada huo kwa muda ili utoke mahali penye hatari, halafu shughulikia sensa siku hiyo hiyo. Kuuzima moja kwa moja ili kukwepa usumbufu ni kulipunguzia gari ulinzi ulioulipia.

Sensa zilizofungwa baadaye

Leaf ya zamani iliyofungiwa sensa za dukani ina shida zake. Umeme wake kwa kawaida huchukuliwa kwenye waya wa taa ya rivasi, kwa hiyo angalia kwanza kama taa hiyo inawaka. Kisha angalia mkao: sensa nyingi zina mshale mgongoni unaopaswa kuelekea juu, na ikigeuzwa inaona ardhi. Urefu unaofaa ni sentimita 50 hadi 70 kutoka chini. Waya zake zisifungwe pamoja na kebo za machungwa, na asitoboe mtu bampa au sakafu ya gari la umeme bila kujua nini kiko nyuma yake.

Kusoma kodi za hitilafu

Kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD2, tundu la kupimia hitilafu za gari, pamoja na programu ya LeafSpy Pro kwenye simu husoma kodi, yaani alama za hitilafu, za vitengo vingi vya Leaf. Kodi inayoanza na B inahusu bodi, C chasi, P mwendo, U mawasiliano kati ya kompyuta. Ukiona U nyingi kwa pamoja, rudi kwenye betri ndogo. Andika kodi zote, zifute, endesha, kisha soma tena. Zinazorudi ndizo za kufuatilia.

Usichokipeleka gereji

Yapo mambo ambayo sensa nzima kabisa haiwezi kuyaona. Mtaro ulio wazi haurudishi mwangwi, kwa hiyo sensa itanyamaza mpaka gurudumu litumbukie. Nondo zinazochomoza nyuma ya lori ni nyembamba na ziko juu ya mstari wake. Wavu wa uzio, mtu aliyevaa nguo nzito, ukuta ulio mshazari: mwangwi unamezwa au unakwenda pembeni. Kinyume chake, lori likiachia upepo wa breki jirani yako, au gari lingine lenye sensa likiwa limekaribiana nawe, sensa yako inaweza kulia bila sababu kwa sekunde chache. Hizo zote hazina dawa ya gereji. Sehemu yenye mitaro, teremka uangalie, au mwombe mtu akuongoze, na huyo asimame pembeni unapomwona kwenye kioo, kamwe asisimame nyuma ya gari.